Samaki wa mapambo wanakufa Dodoma: kabla hujanunua dawa, angalia maji

Mwanzisha uzi (Ilazo)

Habari zenu wakuu. Mimi niko Ilazo, mwaka wa nne sasa nafuga samaki wa mapambo. Huu uzi nimeuahirisha mara nyingi, ila jana usiku jirani yangu kanigongea mlango ameshika jagi lenye samaki wa dhahabu mmoja, ndiye aliyebaki kati ya watano. Samaki kalala ubavu, mapezi kayabana, mashavu yanafunguka na kufunga haraka haraka kama mtu aliyekimbizwa. Mkono wa pili jirani kashika chupa mbili za dawa, zote kauziwa kwamba ni za fangasi.

Nikamuuliza, maji umebadilisha lini? Akanijibu, "Mbona kila siku naongeza maji mapya?"

Wakuu, kuongeza maji siyo kubadilisha maji. Kwa mtu wa Dodoma hili ni jambo la kwanza kulijua, hata kabla ya aina ya chakula.

Nieleze kwa tangi langu mwenyewe. Lina urefu wa sentimita 80, upana 35, na maji yanasimama sentimita 35, kwa hiyo ni kama lita 98. Oktoba mwaka juzi, lile joto letu la kusubiri mvua, nilichora mstari kwa kalamu ya wino mzito pale maji yalipofikia. Nikaacha wiki nzima bila kugusa. Maji yakashuka sentimita mbili na nusu. Piga hesabu: ni lita 7 zimepotea hewani, hakuna tone lililomwagika. Hewa ya hapa ni kavu, inanyonya.

Sasa kinachopanda hewani ni maji matupu. Chumvi haipandi, chokaa haipandi, uchafu wa samaki haupandi. Vyote vinabaki ndani na wewe unajazia maji mengine yenye chumvi yake na chokaa yake. Kwa lita 7 kila wiki, baada ya wiki 14 umeshamimina lita 98 juu ya lita 98 za mwanzo. Yaani tangi ni lile lile, maji yanaonekana maangavu, lakini madini yake ni karibu mara mbili ya yale ya bombani. Na uchafu wa samaki wa miezi mitatu na zaidi wote umo humo.

Mkitaka kuona kwa macho, angalieni kioo pale maji yanapoishia. Kuna mstari mweupe. Ukikwangua kwa ukucha unatoka unga kama chokaa, ule ule wa ndani ya birika la umeme. Maji yetu mengi ya mjini yanatoka ardhini, visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, na maji ya ardhini hubeba madini ya miamba yaliyoipitia. Kwa kunywa tumezoea. Kwa samaki siyo mabaya kwa asili yake, nitalirudia hilo chini. Tatizo ni kuyaacha yajilimbikize.

La pili ni amonia, na hapa nawaambia kilichonitokea mimi mwaka wa kwanza. Nilinunua samaki sita siku moja na tangi. Nikaweka kokoto, maji, samaki, siku hiyo hiyo. Siku ya nne maji yakawa na ukungu. Nikadhani ni uchafu, nikatoa kila kitu, nikasugua sponji ya chujio bombani mpaka ikawa kama mpya, nikarudisha. Baada ya siku tatu ukungu tena, nikasafisha tena. Wiki ya tatu sikuwa na samaki hata mmoja. Binti yangu alikuwa amewapa majina wote sita.

Nilikuwa nawaua kwa usafi. Samaki anatoa amonia kwenye mashavu muda wote, usiku na mchana, na chakula kinachooza chini kinatoa nyingine. Amonia ni sumu. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoota kwenye sponji na kokoto: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia ikiwa siyo nyingi. Bakteria hawa wanachukua wiki nne hadi sita kutosha kwenye tangi jipya. Kila nilipoisugua sponji kwa maji ya bomba yenye klorini nilikuwa nawarudisha sifuri.

Na hapa kwetu amonia ina makali zaidi. Ndani ya maji amonia ina hali mbili, moja kali na moja isiyo kali sana, na kinachoamua ni joto na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Kwenye nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, sehemu ile kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye 8.5 ni kama asilimia 15. Maji ya bomba kwangu, yakilala usiku kucha, yanasoma 8.2. Kwa hiyo mtu mwenye maji laini, yaani yasiyo na chokaa nyingi na pH yake iko chini, sehemu nyingine anaweza kuzembea kidogo na samaki wakapona, wewe ukizembea kiasi kile kile hapa ukawazika.

Ninachofanya mimi kila Jumamosi asubuhi: nafyonza maji kwa mpira kutoka chini kabisa, kwenye kokoto, ndoo moja ya lita 20 na jagi kadhaa juu, karibu robo ya tangi. Sponji naikamua ndani ya hiyo hiyo ndoo ya maji machafu ya tangi, mara mbili tatu, basi. Haitakiwi ing'ae. Halafu namimina maji yaliyolala kwenye ndoo wazi tangu Alhamisi jioni, polepole, nikihakikisha kwa mkono au kipimajoto kwamba joto linalingana. Ndoo hiyo ni ya samaki tu. Haijawahi kuona sabuni na haitaona. Yale maji machafu yanaenda kwenye mchicha, na mchicha wangu majirani wanaujua.

Chakula mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Mkate na ugali acheni.

Jirani tulimfanyia nini: nilipima tangi lake, amonia miligramu 2 kwa lita. Inatakiwa sifuri. Kumbe samaki mmoja alikuwa amefia nyuma ya jiwe, na juzi yake alikuwa amesugua sponji. Dawa tumeweka pembeni, maana nyingine huua hata bakteria wa chujio. Nimekata kipande cha sponji kutoka tangi langu nikampa aweke kwenye lake. Chakula hamna kwa siku tatu. Maji tunabadilisha sehemu moja ya tano asubuhi na jioni. Hatukumwaga yote kwa mpigo kwa sababu samaki aliyekaa miezi minne kwenye maji mazito ukimtumbukiza ghafla kwenye maji mapya anaweza kufa kwa mshtuko wa mabadiliko peke yake.

Karibuni, wenye uzoefu ongezeni.

Mdau wa Nkuhungu

Mkuu umenigusa. Mimi natumia maji ya kisima kirefu cha hapa nyumbani, hayana klorini, kwa hiyo nayamimina moja kwa moja. Ila kila nikibadilisha samaki wanapanda juu wanahema kama nusu saa. Inatoka wapi hiyo?

Mwanzisha uzi

Mkuu, maji ya kisima kirefu mara nyingi yanakuja na oksijeni kidogo sana na kabonidayoksaidi nyingi. Hayajaiona hewa muda mrefu. Yaweke kwenye ndoo, tia jiwe la hewa la pampu, yalale usiku. Pima pH yakitoka tu kisimani na uyapime tena asubuhi, utaona imepanda. Kuruka huko kwa pH kulikuwa kunatokea ndani ya tangi, samaki wakiwemo.

Halafu oksijeni yenyewe kwetu ni ya kubana. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, maji yanabeba oksijeni pungufu kama asilimia 12 kuliko maji ya joto lile lile kule Dar. Na maji yakipata joto yanabeba pungufu zaidi. Anayesoma maelekezo ya watu wa pwani kwamba samaki kumi wanatosha kwenye tangi fulani, apunguze.

Mdau wa Makole

Mnajisumbua bure wakuu. Samaki wenyewe bei ya soda. Akifa unanunua mwingine, maisha yanaendelea.

Mwanzisha uzi

Mkuu, samaki wa dhahabu akitunzwa anaishi zaidi ya miaka kumi na anakua kupita urefu wa kiganja. Anayekufa wiki ya tatu ameuawa akiwa mtoto. Na anakufa vibaya, amonia inamuunguza mashavu taratibu. Huyu hawezi kutoka kwenda kutafuta maji mengine, kila alichonacho umempa wewe. Siwezi kuliona ni jambo dogo.

Mama wa Kisasa

Naomba niwape tahadhari ambayo sijaiona hapa. Mwezi wa tatu mbu walizidi, nikapuliza dawa ya mbu sebuleni, nikafunga mlango kwa muda wa saa mbili kama chupa inavyoelekeza. Watoto niliwatoa nje. Samaki sikuwafikiria, maana tangi lina kifuniko. Nilivyorudi gapi 11 wote wameelea. Kaka yangu aliyesomea mambo ya mifugo ndiye aliyenieleza: zile dawa za jamii ya pairethroidi ni sumu kali mno kwa samaki, na pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji. Kifuniko hakikusaidia kitu.

Mwanzisha uzi

Pole sana mama. Hili ni la kuandikwa ukutani. Wakuu, kama lazima kupuliza, zima pampu na uiondoe chumbani, funika tangi lote kwa nailoni na taulo bichi, fungua madirisha muda mrefu kabla ya kuiwasha tena. Bora zaidi usipulize chumba chenye samaki kabisa. Na chandarua chenye dawa kisifuliwe kwenye ndoo ya samaki.

Mdau wa Chang'ombe

Samahani kwa swali la mtu mgeni. Kama maji ya hapa ni mazito hivyo, nikitumia ya kuchemsha si itakuwa nafuu? Au ya chupa za dukani?

Mwalimu mstaafu wa kemia (Kikuyu)

Mbukwenyi. Swali zuri sana, mwanangu, wala usiombe samahani.

Kuchemsha kunaondoa ugumu wa muda tu. Ile kalisi iliyoungana na bikaboneti inageuka kuwa chokaa na kuganda kwenye sufuria, ndiyo ule unga wa ndani ya birika aliousema mwanzisha uzi. Chumvi ya kawaida haiondoki, na kwa kuwa maji yamepungua sufuriani, chumvi imeongezeka kwa kila lita. Oksijeni nayo imetoka. Kwa hiyo umechoma mkaa kwa faida ndogo. Maji ya chupa kila moja ina madini yake, soma karatasi yake. Na kwa lita 25 za kila wiki utachoka mapema.

Ukitaka kupunguza uzito wa maji, kinga ya mvua. Mvua zetu zinaanza Desemba. Acha mvua mbili tatu za mwanzo zioshe vumbi la bati, halafu kinga. Lakini usimwagie maji ya mvua matupu. Hayana bikaboneti, na bikaboneti ndiyo inayoshikilia pH isianguke. Kazi ya wale bakteria inazalisha asidi kila siku, kitu cha kuizuia kisipokuwepo pH inaporomoka. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba.

Nimsahihishe kidogo mwanzisha uzi kuhusu kulaza maji. Inafaa kwa klorini ya kawaida, hasa ndoo ikiwa na mdomo mpana, na ukitia jiwe la hewa ni haraka zaidi. Ila ipo klorini iliyounganishwa na amonia, kloramini, hiyo haiondoki kirahisi kwa kusubiri. Anayetumia maji asiyojua yametibiwaje atafute matone ya sodiamu thaiosalfeti ya samaki, afuate kipimo kwenye chupa, na apime amonia baadaye.

La mwisho, na hili siyo la samaki peke yake. Wenye visima vifupi maeneo yaliyobanana vyoo vya shimo, pimeni nitrati ya maji yenyewe kabla hayajaingia tangini. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita. Yakizidi hapo yana hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Nimeona mtu anajua kisima chake kina shida kwa sababu ya kipimo alichonunua kwa ajili ya samaki.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mwalimu. Nimepokea masahihisho, na hilo la visima nawaomba watu wasilipite haraka.

Mdau wa Singida

Huku kwetu umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, hata saa nane, samaki wanabaki vipi? Juzi ulivyorudi chujio likaanza kufanya kazi, asubuhi yake wawili wamekufa.

Mwanzisha uzi

Mkuu, chujio la kopo lililofungwa likizimika, bakteria ndani wanakosa oksijeni na kuanza kufa, na maji yaliyolala humo yanaoza. Umeme ukirudi linatapika uchafu wote ndani ya tangi. Likizima muda mrefu, lifungue, mwaga maji ya ndani, suuza kwa maji ya tangi, ndiyo uwashe. Mimi nimehamia kwenye chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, na nina pampu ndogo ya betri pembeni. Kama huna, chota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu kila baada ya muda. Usiwape chakula mpaka umeme urudi.

Na nyie wa Singida kama sisi, Juni na Julai usiku ni baridi. Tangi likae mbali na dirisha. Gapi na moli wanahitaji hita, samaki wa dhahabu hawaihitaji.

Mdau mzaliwa wa Kigoma, niko Iyumbu

Nashangaa hakuna aliyesema hili. Mnahangaika kulainisha maji kwa ajili ya samaki wa Amazoni wakati Ziwa Tanganyika maji yake yana pH karibu 9! Wale samaki wadogo wa mawe wa ziwa letu, na mbuna wa Ziwa Nyasa, dunia nzima inawafuga, Ulaya watu wananunua chumvi maalumu kuyafanya maji yao yafanane na ya ziwa. Sisi Dodoma yanatoka bombani karibu tayari. Nina tangi la lita 200 la samaki wa Tanganyika, mwaka wa tatu, wamezaa mara nyingi.

Mwanzisha uzi

Ndiyo maana nilisema juu kwamba nitalirudia, na umenitangulia vizuri. Chagua samaki anayependa maji uliyonayo: hao wa maziwa yetu, moli, gapi, hata samaki wa dhahabu anayamudu. Neoni wa maji laini muache. Ila nao amonia inawaua vile vile, tena kwa pH yao inawaua upesi zaidi, kwa hiyo Jumamosi yako ibaki pale pale.

Mdau wa Nzuguni

Mimi nimechoka nayo, nina samaki wa dhahabu wawili wakubwa, nataka nikawaachie bwawa la Hombolo waishi kwa uhuru.

Mwanzisha uzi

Tafadhali mkuu, usifanye hivyo. Ni samaki wa kigeni, wanaweza kupeleka magonjwa na kusumbua wale wanaotegemewa na wavuvi. Niandikie faragha, nitakuja na ndoo mimi mwenyewe.

Mwanzisha uzi (wiki tatu baadaye)

Mrejesho kwa mlioniuliza. Samaki wa jirani yupo hai. Siku mbili za kwanza alikaa chini, siku ya tatu akasimama wima, siku ya tano akaja mbele ya kioo kuomba chakula. Amonia ilifika sifuri siku ya nane, nitriti ilipanda kidogo ikashuka, juzi nayo imesoma sifuri. Pezi la mkia limeliwa pembeni lakini limeanza kuota, lile jipya bado ni angavu kama nailoni.

Jirani amechora mstari wake kwenye kioo. Sasa anataka kununua wenzake wanne kwa mpigo. Nimemwomba asubiri wiki mbili nyingine, tupime, halafu aongeze mmoja.